Mlo wa Mama Mjamzito na Afya ya Mtoto

Kila ninaposahihisha majaribio ya kidato cha nne hapa Mugumu nakutana na jibu moja linalojirudia. Swali linasema: "Eleza jinsi mlo wa mama mjamzito unavyoathiri afya ya mtoto." Mtahiniwa anaandika kwamba mama anatakiwa kula mlo kamili ili mtoto awe na afya bora, anaweka nukta, anahamia swali linalofuata. Jibu hilo si la uongo. Tatizo lake ni kwamba halijaeleza kitu. Neno "eleza" linakudai njia nzima: ni kirutubishi gani, kinafanya kazi gani, kikipungua katika damu ya mama nini kinampata mtoto, na katika kipindi gani cha ujauzito.

Wengi huidharau mada hii kwa sababu inahusu chakula, na chakula kila mtu anaona anakijua. Mtihani wa Biolojia utaujibu kwa Kiingereza, na istilahi zake unazo kwenye daftari lako. Hapa tunaelewa kwanza, kwa lugha unayootea ndoto. Ukishaelewa, lugha ya kujibia haitakushinda.

Chakula kinamfikiaje mtoto?

Mama wa Mugumu amekula ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, dagaa wa Ziwa Victoria na mgagani. Hakuna hata chembe ya ugali inayomfikia mtoto ikiwa ugali. Wanga unavunjwa kuwa glukosi, protini kuwa amino asidi, mafuta kuwa asidi za mafuta na gliseroli. Haya, pamoja na vitamini na madini, yanafyonzwa katika utumbo mwembamba, yanaingia kwenye damu ya mama na kusafirishwa hadi kwenye kondo la nyuma lililojishikiza katika ukuta wa mji wa mimba.

Hapa ndipo penye mtego wa kwanza wa mtihani. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Kondo lina vijidole vingi vidogo vyenye kapilari za mtoto, na vijidole hivyo vimezungukwa na damu ya mama. Kati ya damu hizi mbili kuna utando mwembamba. Oksijeni huvuka kwa mtawanyiko. Glukosi husaidiwa na protini maalumu za utando. Amino asidi na madini kama chuma na kalsiamu husafirishwa kwa kutumia nishati. Upande wa pili, kabonidayoksaidi na urea kutoka kwa mtoto hurudi kwa mama ili zitolewe nje. Kitovu, yaani ule mrija unaomuunganisha mtoto na kondo, ndiyo barabara ya pande zote mbili.

Kutokana na hayo utaona kwamba mtoto hana ghala jingine. Kisichokuwemo katika damu ya mama, kwake hakipo.

Nyumbani utasikia watu wakisema mtoto aliye tumboni "hujichukulia mwenyewe" hata mama asipokula vizuri. Usiukatae usemi huu moja kwa moja, kwa sababu una ukweli nusu. Kalsiamu ikipungua kwenye mlo, mwili wa mama huitoa katika mifupa yake mwenyewe ili kiwango cha kwenye damu kisishuke, na mtoto anaendelea kujenga mifupa. Mama ndiye anayelipa. Lakini kwa madini joto na foliki asidi mambo ni tofauti, kwani akiba ya mwili ni ndogo, na pengo la mama linakuwa pengo la mtoto mara moja.

Lini ni muhimu kama nini

Wataalamu wa lishe huzungumzia siku 1,000 za kwanza za maisha. Hesabu yake ni rahisi: siku takribani 270 za ujauzito, jumlisha 365 za mwaka wa kwanza, jumlisha 365 za mwaka wa pili. Katika siku hizo mwili na ubongo hukua kwa kasi ambayo haitarudi tena. Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu, hujengeka humo, na sehemu yake huanza kabla hajazaliwa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto nchini wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Ule wa 2015-16 ulikuwa umekuta asilimia 34. Tumepiga hatua, ila bado ni watoto watatu katika kila kumi.

Ndani ya ujauzito wenyewe, gawa vipindi hivi. Wiki nane za kwanza viungo vyote vikuu vinaundwa: moyo, ubongo, uti wa mgongo, mikono, miguu. Mtoto ni mdogo sana na hahitaji chakula kingi, lakini anahitaji vitu fulani kwa usahihi. Miezi mitatu ya mwisho ni ya kuongeza uzito, kujaza akiba ya chuma na kukuza ubongo. Hapo wingi wa chakula unapiga kelele.

Mfano unaoonyesha tofauti hii vizuri kuliko yote umetoka mbali, Uholanzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kufika miji ya magharibi ya nchi hiyo. Mgawo wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na wakati mbaya zaidi ukawa kati ya 400 na 800. Njaa ilikoma Mei 1945 nchi ilipokombolewa. Njaa nyingi duniani huja polepole na kuondoka polepole, lakini hii ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, na hospitali zilitunza kumbukumbu za uzazi. Kwa hiyo watafiti waliweza kuwafuatilia watoto wale hadi uzeeni, huku wakijua kila mmoja alikuwa na umri gani tumboni njaa ilipopiga.

Waliopatwa na njaa mwishoni mwa ujauzito walizaliwa na uzito mdogo. Hilo linatarajiwa. La kushangaza ni wale waliopatwa mwanzoni, kisha mama zao wakapata chakula. Walizaliwa na uzito wa kawaida, mkunga akafurahi, lakini ukubwani walionekana kuugua zaidi magonjwa ya moyo na kuwa na unene uliozidi. Wale wa vipindi mbalimbali vya ujauzito walikutwa pia na tatizo la mwili kushindwa kudhibiti sukari. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwili wa kijusi hujipanga kulingana na taarifa inayopitia kwenye kondo. Ukiambiwa duniani kuna uhaba, unajipanga kubana matumizi. Mtu huyo akija kukutana na chipsi na soda kila siku, mpango wake na maisha yake havilingani.

Kwa hiyo uzito wa kuzaliwa ni kipimo kizuri lakini hakisemi yote. Mtoto aliyezaliwa na chini ya gramu 2,500 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu. Mtoto wa gramu 3,200 hakuna anayekuhakikishia kwamba hakukosa kitu.

Chuma, na kwa nini maziwa hayatoshi

Tukae zaidi hapa, kwa sababu upungufu wa damu ndio tatizo la lishe la wajawazito unaloweza kukutana nalo katika nyumba yoyote. Utafiti wa 2022 niliokutajia ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Angalia umri unapoanzia. Ni wa kwako.

Usiandike "chuma huongeza damu" ukaishia hapo. Chuma ni sehemu ya hemoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Katika ujauzito kiasi cha damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, mtoto anatengeneza damu yake, na kondo lina mahitaji yake. Mahitaji ya chuma yanaruka juu wakati mlo umebaki ule ule. Hemoglobini ikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita, mjamzito anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu.

Kwa mtoto, matokeo yanaanza na oksijeni kidogo inayovuka kondo, hivyo ukuaji unapungua na hatari ya kuzaliwa njiti au na uzito pungufu inaongezeka. Halafu lipo tokeo ambalo watahiniwa wachache hulitaja: akiba. Mtoto huzaliwa na chuma alichokihifadhi tumboni, na akiba hiyo humtosha kwa takribani miezi sita, kwa kuwa maziwa ya mama yana chuma kidogo. Aliyezaliwa na akiba ndogo humaliza mapema, kabla hajaanza chakula cha nyongeza, na ni wakati ubongo wake unakua kwa kasi. Kwa mama mwenyewe, damu kidogo maana yake ni kwamba akivuja wakati wa kujifungua hana cha kupoteza.

Sasa njoo kwenye chungu cha nyumbani. Sisi wa Mara tunajivunia ng'ombe, na maziwa mgando ni chakula cha heshima. Yana protini na kalsiamu nzuri sana, lakini chuma chake ni kidogo mno, na kalsiamu nyingi kwenye mlo mmoja hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Chuma kinachofyonzwa kirahisi kipo kwenye nyama, maini, samaki na dagaa. Kile cha mchicha, mnavu, maharage na ulezi hufyonzwa kwa shida zaidi, ila kuna mbinu. Vitamini C hukisaidia: chungwa, pera, embe au limau lililokamuliwa kwenye mboga huongeza kinachoingia mwilini. Chai na kahawa hukizuia, hivyo ni bora zinywewe saa moja au zaidi baada ya kula, si pamoja na mlo. Ulezi uliooteshwa kuwa kimea au uji uliochachuliwa hupunguza zile kemikali za nafaka zinazokamata chuma. Bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo bila kujua neno "fitati".

Onyo kwa mtahiniwa: upungufu wa damu hausababishwi na chakula peke yake. Malaria huvunja chembe nyekundu, minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, kichocho nacho kipo kando ya ziwa, na selimundu ni ya kurithi na ipo kwa wingi Kanda ya Ziwa. Ndiyo maana kliniki mjamzito hupewa vidonge vya chuma na foliki asidi, dawa ya kuzuia malaria, dawa ya minyoo na chandarua. Vidonge vya chuma huweza kuleta kichefuchefu na kufanya choo kiwe cheusi. Akina mama wengi huviacha wakidhani vinawadhuru. Choo hicho cheusi ni chuma ambacho hakikufyonzwa. Ukiwa na dada au shemeji mjamzito nyumbani, sentensi hiyo moja inaweza kumfaa kuliko insha nzima.

Siku 28 za foliki asidi

Uti wa mgongo na ubongo huanza kama bamba la seli linalojikunja na kufunga kuwa mrija. Mrija huo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Foliki asidi inahitajika katika kutengeneza DNA, na seli zinazogawanyika kwa kasi zikiikosa mrija unaweza usifunge vizuri. Mtoto anazaliwa na mgongo wazi, hali ambayo mara nyingi huambatana na kichwa kikubwa kwa sababu ya maji kujaa kwenye ubongo. Zipo sababu nyingine pia, kama za kurithi na baadhi ya dawa, lakini upungufu wa foliki asidi ni ule unaozuilika.

Piga hesabu mwenyewe. Siku ya 28, mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Wengi huanza kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Kidonge atakachopewa siku hiyo kitamsaidia kwa damu, lakini kwa mrija ule amechelewa. Foliki asidi inatakiwa iwe mwilini kabla ya mimba: mboga za majani zisizochemshwa hadi zikafa, maharage, maini, parachichi, machungwa.

Nchi nyingi zimetatua hili kwa kuiweka kwenye unga. Tanzania nayo, kwa kanuni za mwaka 2011, ilivitaka viwanda kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi, foliki asidi ikiwemo. Ni mpango mzuri, ila fikiria unga wa kwenu unatoka wapi. Mama anayevuna mtama wake, anaukausha na kuupeleka kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, hali unga wa kiwandani. Anayenunua mkate mjini anafikiwa zaidi kuliko anayelima. Hoja kama hii ukiiandika kwenye swali la "jadili", msahihishaji anajua umefikiri.

Madini joto, muhogo na kisa cha Tarime

Tezi ya shingoni hutumia madini joto kutengeneza homoni ya thairoksini. Katika miezi ya mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, hivyo hutegemea homoni ya mama ili ubongo wake ujengeke. Upungufu mkubwa huleta mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu, au mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa akili na kimo kifupi. Upungufu mdogo hauonekani kwa macho. Tanzania ilikuwa na maeneo mengi ya milimani yenye watu wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo, kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea miaka ya 1990. Chumvi hiyo ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, vinginevyo madini hupotea.

Muhogo unaingiaje? Muhogo mchungu una kemikali inayotoa sayanidi. Ukilowekwa, ukachachuka na kukaushwa vizuri, sehemu kubwa ya sumu hutoka. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime watu walipatwa na ugonjwa wa miguu kukakamaa na kupooza ghafla, ugonjwa uitwao konzo. Watafiti waliouchunguza waliuhusisha na kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, kwa sababu njaa haikuacha muda wa kuloweka, huku protini ikiwa haba. Konzo hupiga zaidi wanawake wa umri wa kuzaa na watoto.

Uhusiano wake na mada yetu ni huu. Mwili hugeuza sayanidi kuwa thiosayaneti, na kemikali hii hushindana na madini joto kuingia kwenye tezi. Mama mwenye madini joto kidogo akila muhogo wenye sumu kila siku, upungufu wake unakuwa mkubwa zaidi, na mtoto ndiye anayeathirika. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, uhusiano huo wa muhogo, rovu na ulemavu wa watoto ulichunguzwa kwa miaka mingi. Muhogo wenyewe hauna kosa. Tatizo ni haraka na ukosefu wa vyakula vingine vya kuusindikiza.

Kabla hatujaondoka hapa, kuna kisa cha kukufundisha tahadhari. Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na upungufu. Mwaka 2009 watafiti watatu walichapisha matokeo kwamba watoto ambao mama zao walikingwa wakati wa ujauzito walikaa shuleni muda mrefu zaidi, kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka, hasa wasichana. Matokeo hayo yalinukuliwa sana. Baadaye watafiti wengine walirudia hesabu kwa takwimu zaidi na hawakuyapata kwa uhakika ule. Kwamba madini joto ni muhimu kwa ubongo hakuna anayebisha. Kinachobishaniwa ni ukubwa wa faida iliyopimwa kwa miaka ya shule. Sayansi inaruhusu ugomvi wa namna hiyo, na wewe usiogope kuuandika.

Jaribio la Dar es Salaam

Kama unataka mfano mmoja wa Tanzania wa kuweka kwenye jibu lako, chukua huu. Kati ya 2001 na 2004, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaandikisha wajawazito 8,468 jijini Dar es Salaam ambao hawakuwa na maambukizi ya VVU. Wote walipewa chuma na foliki asidi. Nusu waliongezewa vidonge vya vitamini za kundi B, C na E, na nusu nyingine walipewa vidonge visivyo na kitu. Waliozaa watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8 katika kundi la vitamini, na asilimia 9.4 katika kundi la pili.

Soma tarakimu hizo kama mwanasayansi. Tofauti ni 1.6, yaani katika kila akina mama 1,000 watoto 16 hivi waliepuka uzito pungufu. Si muujiza. Tena vitamini hizo hazikupunguza idadi ya njiti. Ni faida ndogo kwa mmoja mmoja lakini kubwa kwa nchi. Kundi lililopewa vidonge visivyo na kitu lilihitajika ili kujua kwamba tofauti imetokana na vitamini, si na uangalizi wa kliniki.

Mayai, miiko na nani anakula nini

Utasikia kwamba mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele, au kwamba akila sana mtoto atakuwa mkubwa na uchungu utamshinda. La kwanza halina msingi wowote. La pili lina hofu ya kweli ndani yake, kwani mahali ambapo hospitali ni mbali na barabara ni ya matope, mtoto mkubwa kukwama njiani ni kifo. Lakini kujinyima hakupanui nyonga. Kunampunguzia mtoto akiba na mama nguvu. Ushauri wa kawaida wa lishe ni mlo mmoja mdogo au asusa ya ziada kila siku. "Kula kwa watu wawili" nako ni kupitiliza.

Usiandike, hata hivyo, kwamba lishe duni husababishwa na ujinga. Ni jibu la kivivu. Katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, tembo wanaweza kumaliza shamba la mahindi usiku mmoja. Kuna miezi ambayo ghala limeisha na shamba halijaiva, na ndiyo miezi ya kulima, kwa hiyo mjamzito anatumia nishati nyingi akiwa anapata kidogo. Kuna nyumba ambayo nyama hupakuliwa kwa baba kwanza, na mjamzito hupata mchuzi. Ng'ombe wapo thelathini zizini, lakini yeye hana mamlaka ya kuuza hata mbuzi anunue dagaa. Hayo ni mambo ya uchumi na madaraka, na yanavuka kondo kama vile yavukavyo madini.

Baada ya kipindi kimoja cha mada hii mvulana mmoja alibaki darasani hadi wenzake wakatoka. Alikuwa mfupi kuliko wote. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mimi nimedumaa? Mama alikosea?" Nilijibu polepole, na nakujibu na wewe kama swali hilo umelibeba. Udumavu hupimwa kwa kulinganisha kimo na umri wa mtoto mdogo. Huwezi kumtazama kijana wa miaka 18 ukajua, kwa kuwa ufupi hurithiwa pia. Takwimu zinaeleza makundi, hazimhukumu mtu mmoja. Na mama aliyelima akiwa na mimba ya miezi minane katika mwaka wa njaa hakukosea, alikosa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaenda kucheza mpira.

Wewe mwenyewe

Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Mwili wa msichana wa umri huo bado unakua. Akipata mimba, yeye na kijusi wanagombea kalsiamu, chuma na protini zile zile, na nyonga yake huenda haijakomaa. Uzito pungufu na njiti ni vya kawaida zaidi kwa mama wa umri huo. Hata asiyefikiria ujauzito kwa miaka kumi ijayo, akiba ya chuma anayokuja kuitumia inaanza sasa, kwa sababu kila hedhi inatoa damu.

Mvulana, usifunge ukurasa. Mara nyingi anayeamua kama pesa ya mnadani itanunua dagaa au kitu kingine ni mwanamume, na mwanamume huyo miaka michache ijayo ni wewe.

Vinavyovuka kondo na havitakiwi tuvipitie haraka. Pombe, ya dukani au ya kienyeji, huvuka na kuharibu ubongo unaojengwa. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Tumbaku, ugoro ukiwemo, hubana mishipa ya damu ya kondo. Udongo ambao baadhi ya wajawazito hutamani kuula unaweza kuzuia chuma kufyonzwa na kuleta minyoo. Mahindi na karanga zenye ukungu huwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Nayo huvuka kondo.

Jipime

1. Mama A alikosa chakula cha kutosha katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Mama B alikosa katika miezi mitatu ya kwanza, kisha akala vizuri. Watoto wao walizaliwa na gramu 2,300 na 3,100. Mtoto yupi ni wa nani? Eleza kwa nini huwezi kusema kwamba mtoto wa pili hakuathirika. (Tumia mfano wa Uholanzi.)

2. Mjamzito anakula maharage na mchicha kila mchana na kushushia kwa chai ya rangi. Hemoglobini yake ni gramu 9.5 kwa desilita. Mpe ushauri wa aina mbili usiomgharimu pesa nyingi, na taja sababu mbili zisizo za chakula ambazo mhudumu wa kliniki atazichunguza.

3. Kwa nini kidonge cha foliki asidi kinachoanza kutumika mwezi wa nne hakizuii mgongo wazi, lakini bado kinafaa kumezwa?

4. "Damu ya mama huingia kwa mtoto ikiwa na virutubishi." Sahihisha sentensi hii, kisha eleza jinsi glukosi na amino asidi zinavyovuka kondo.

5. Kutokana na takwimu za jaribio la Dar es Salaam, kokotoa ni watoto wangapi wenye uzito pungufu wangetarajiwa katika akina mama 5,000 wa kila kundi. Taja jambo moja ambalo vitamini hizo hazikulibadilisha.